Arusi ya Morfudd na Ukuta wa Kaskazini

Morfudd Prydderch alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Watu wa Llanwynell, kijiji kimoja cha Wales, walisema hivyo kwa huruma, kama mtu anavyosema kwamba fulani ana pumu. Alicheka kwenye mazishi ya mjomba wa marehemu mama yake, kwa sababu jeneza lilikwaruza lango na mbebaji mmoja akaliomba radhi. Alicheka shuleni mpaka akatolewa nje, na huko nje akacheka zaidi. Na kila Jumapili, kule Ebeneza, nyumba ya sala yenye kuta nyeupe, madirisha ya vioo vitupu na mabenchi yaliyonyooka kama sheria, alikaa kati ya baba yake na shangazi yake, leso imejaa kinywani, mabega yakimtikisika.

"Unalia nini, mwanangu?" mhubiri mgeni aliwahi kumwuliza kwa upole.

"Halii huyu," baba yake akajibu. "Ndivyo alivyo."

Baba huyo, Tudwal, alikuwa mhunzi wa kijiji na shemasi wa Ebeneza. Alikuwa na masharubu mazito kiasi kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kuapa kuwa amewahi kuona meno yake. Mke wake alifariki Morfudd akiwa bado wa kubebwa, na mtoto akalelewa na dada yake Tudwal, Shangazi Tegwen, aliyeongoza kwaya ya Ebeneza kwa kijiti cha kufumia. Shangazi naye alikuwa na ugonjwa uleule wa kucheka, ila yeye alijua kuuvisha nguo za kikohozi.

Ng'ambo ya kijito lilikuwako kanisa la Mtakatifu Gwynell, kongwe, limejiinamia katikati ya makaburi yake ya duara, na miti mizee imelizunguka. Watu wa Ebeneza hawakutia mguu humo. Babu zao walitoka humo kwa ugomvi, na ugomvi ukarithiwa kama shamba. Tudwal alikuwa na sababu ya ziada.

"Kanisa lile lilijengwa na walevi," alizoea kusema. "Hakuna pembe moja iliyonyooka. Mimi nikitengeneza bawaba ya namna ile, watu watanirudishia mlango."

Morfudd aliingia humo mara ya kwanza akiwa msichana wa miaka kama kumi, na lawama zote ni za bata bukini. Bata huyo alikuwa wa Shangazi Tegwen, ananenepeshwa kwa ajili ya Krismasi, na siku hiyo akahisi kinachomngoja. Aliruka kijito, akakatiza makaburini, akapita mlango wa kanisa uliokuwa wazi. Morfudd alisimama kizingitini akihema, akikumbuka yote aliyoonywa. Ndipo akasikia sauti ya mwanamume ndani ikipiga kelele:

"Mzuie upande wa madhabahu! Wewe uliye mlangoni! Ananiuma!"

Alikuwa Kasisi Meurig Vaughan, mtu mfupi, mviringo, mwenye mashavu kama matofaa, amepanda juu ya benchi na kitabu cha tenzi mkononi. Kilichofuata kilikuwa mbio za kulizunguka birika la ubatizo, kupita chini ya mabenchi, hadi kwenye ngazi ya mimbari, ambako kasisi alimrushia bata joho lake jeupe na Morfudd akamlalia juu. Wote watatu walikuwa wamejaa manyoya. Morfudd alicheka mpaka akaanguka chali sakafuni, na hapo, akiwa chini, akaona dari.

Lilikuwa la mbao za mwaloni, nyeusi, zimekutana juu kama mbavu za mashua iliyopinduliwa. Na mwisho wa boriti moja, uso wa mtu uliochongwa ulikuwa ukimtazama na ulimi nje.

"Yule ananitolea ulimi!"

"Anatutolea sote," kasisi akasema, akifuta pua yake iliyoumwa. "Tangu enzi za maseremala walioezeka. Maaskofu wangapi wamehubiri chini ya ulimi ule!"

Akamwonyesha mengine, kama mtu anayemwonyesha mgeni sungura zake. Ukuta wa kaskazini ndio mkongwe kuliko zote, mnene kiasi cha ng'ombe kulala ndani yake. Upande wa kusini uliongezwa baada ya tauni kubwa, na mjane aliyerithi mali za ukoo mzima kwa sababu ukoo mzima ulikuwa umekufa. Alitaka pacha wa ule wa kwanza, lakini fundi wake, au kipimo chake, au pombe yake, ilimpoteza. Tao moja likatoka refu, la pili fupi, la tatu limeegemea kama mtu anayesikiliza umbea. Na mbele ya madhabahu kulisimama kiambaza cha mbao kilichochongwa chote mizabibu, na mizabibu yenyewe ilikuwa ikitoka kinywani mwa joka. Au joka lilikuwa likiimeza. Kasisi alisema wataalamu hawajakubaliana, na joka halijaulizwa.

"Na kuta?" Morfudd akauliza. "Mbona kuta nyeupe kama za kwetu?"

"Aa, hizo." Kasisi akaligusa lipu kwa kidole. "Zamani zilikuwa na picha. Mfalme akabadili dini, ikaja amri, wakapaka chokaa. Mtoto wa mfalme akapaka tena. Kila kizazi kimepaka kwa zamu yake. Hapa tuna lipu nene kuliko keki ya arusi."

Morfudd alimbeba bata nyumbani. Kesho yake akarudi, bila bata.

Alikua akiiba nusu saa hapa, nusu saa pale, na Shangazi Tegwen akijua na kukohoa. Alipofika miaka ishirini na mitatu, vita vikubwa vimekwisha na chai bado ni ya kupimiwa, alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono ya nguvu na mashavu mekundu, na vijana waliokuja kumchumbia walikimbia kwa sababu aliwacheka. Hakuwacheka kwa dharau. Ni kwamba mtu akipiga goti mbele yako kwenye matope na goti likazama, utafanyaje?

Ithel Cadwaladr hakukimbia. Alikuwa fundi wa mawe, mwana wa msimamizi wa kanisa, kijana mrefu asiye na maneno mengi, naye alikuwa juu ya ngazi akishindilia mawe kwenye egemeo la ukuta wa kaskazini, ambao ulikuwa umeanza kutanua tumbo. Morfudd alipita chini. Ithel alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliye juu ya ngazi, akachovya sandwichi yake ndani ya ndoo ya chokaa, akaipeleka mdomoni.

Morfudd alishika jiwe la kaburi asianguke.

"Tamu?" akauliza, alipoweza.

Ithel alitafuna, akawaza. "Imekosa chumvi."

Basi. Jambo likaisha hapohapo, na wote wawili wakajua. Kilichobaki kilikuwa ni kumwambia Tudwal.

"Cadwaladr?" baba alisema, nyundo imesimama hewani. "Yule mtoto wa kanisani anayekula chokaa?"

"Baba, nani amekuambia?"

"Kijiji kizima kimeniambia. Wameniambia pia kwamba arusi itakuwa kule kwenye pembe za walevi."

"Nataka niolewe chini ya lile dari, Baba. Nimelipenda tangu nikiwa mdogo."

Hapo ndipo Tudwal alipojua habari za bata, akiwa amechelewa zaidi ya miaka kumi. Aliacha chuma chake kipoe. Kisha akasema: "Mimi sikuzuii. Ithel ni kijana mwema, na mkono wake ni wa fundi. Lakini mguu wangu hautavuka kizingiti kile. Nitakufikisha langoni mwa makaburi, nitakubusu, nitasimama hapo hadi utoke."

"Na mvua ikinyesha?"

"Itanyesha."

Ilinyesha. Siku ya arusi mvua iliamka mapema kuliko bibi arusi. Ilikuwa mvua ya Wales, isiyo na hasira wala haraka, ambayo haianguki bali inahamia. Tudwal alimfikisha binti yake langoni, akambusu, akasimama. Nyuma yake walisimama watu wote wa Ebeneza, kwaya nzima, kofia zao nzuri zikilegea. Walikuwa wamekubaliana kwamba kusimama nje ya kanisa si kuingia kanisani.

Morfudd aliingia peke yake. Ndani, mabenchi ya upande mmoja yamejaa akina Cadwaladr, na ya upande wa pili matupu kabisa. Ithel alikuwa mbele kwenye kiambaza, amechanwa nywele mpaka hafanani. Kasisi Vaughan akafungua kitabu.

"Subiri kidogo, kasisi," Morfudd akasema. Akageuka, akakunja gauni lake, akatoka tena.

Nje, mambo yalikuwa yamesogea. Shangazi Tegwen alikuwa amehamishia kwaya barazani, kwenye kibaraza cha mlango, kwa hoja kwamba kibaraza si kanisa. Sauti za tatu na za nne, ambazo hazikupata nafasi, zilikuwa zimesukumwa hatua mbili ndani kwa hoja kwamba hatua mbili si kitu. Tudwal alibaki peke yake langoni, maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia.

"Baba, unaloa."

"Siloi."

"Masharubu yanachuruzika."

"Ndivyo yalivyo."

Morfudd alijaribu kujizuia. Aliuma mdomo, akatazama mawe ya makaburi, akafikiria mambo ya huzuni. Haikusaidia. Kicheko kilimtoka, na akiwa amesimama pale kwenye mvua, taji la maua limeteleza hadi sikioni, akacheka mpaka akamshika baba yake mkono ili asimame. Tudwal alimtazama. Kitu fulani kilitikisika nyuma ya yale masharubu.

"Naingia kujikinga mvua," akasema kwa ukali. "Siingii kusali."

"Hapana, Baba. Mvua tu."

"Na sitaketi."

"Simama tu, Baba."

Akaingia, kofia mkononi, akitazama yale matao kama mtu anayekagua farasi aliyeuziwa kwa uongo. Watu wa Ebeneza wakaona shemasi wao ameingia, wakamiminika nyuma yake na kujaza upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu zama za mababu, kanisa la Gwynell likajaa mpaka mwisho wa mabenchi.

Kinanda kikapumua, kikaanza wimbo. Sasa, watu wa kanisani waliimba kama watu wasiotaka kuwaamsha majirani. Watu wa Ebeneza walifunga midomo, kwa adabu. Ubeti wa kwanza ukapita hivyo, mwembamba, unasikitisha. Tudwal alivumilia. Lakini mtu aliyeimba besi tangu ndevu zake za kwanza hawezi kusikia wimbo umekosa miguu akanyamaza. Kwenye ubeti wa pili, akafumba macho, akaanza.

Sauti yake ilitoka chini ya sakafu. Shangazi Tegwen akachomoa kijiti cha kufumia kutoka kwenye mkoba, maana hata arusini alikuwa nacho, na kwaya yote ikaingia kwa sauti nne. Akina Cadwaladr walishtuka, wakatazamana, wakajazwa wivu mtakatifu. Wakapandisha. Ebeneza wakapandisha. Mchezaji wa kinanda alizidiwa, akaacha, akainuka kuimba. Walipofika mwisho, hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kunyamaza, kwa hiyo wakarudia kiitikio. Wakakirudia tena. Vioo vya madirisha vilikuwa vikilia. Kasisi Vaughan alikuwa akirukaruka papo hapo kwa vidole vya miguu, na Ithel, ambaye hakuwahi kuimba mbele ya watu, alikuwa ameachama kinywa kama lango la zizi.

"Tena!" Shangazi Tegwen akapaza sauti.

Ndipo ukuta wa kaskazini ukatoa sauti kama mtu mnene anayeinuka kitini. Ufa ukakimbia kwenye chokaa kutoka darini hadi chini, na lipu lote, vizazi na vizazi vya lipu, likashuka kwa pamoja, polepole mwanzoni kama shuka linalovuliwa kitandani, kisha likaanguka kwenye ushoroba mtupu ulio kando ya ukuta kwa kishindo kilichofikia malisho.

Halafu wingu. Hakuna aliyeona mkono wake. Ndani ya weupe ule watu walipiga chafya kwa sauti nne.

"Kuna aliyeumia?" sauti ya kasisi ikauliza. Hakuna. "Bibi arusi yuko wapi?"

"Niko hapa," Morfudd akajibu, amekaa sakafuni, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, machozi ya kicheko yamechora njia mbili mashavuni.

Vumbi likatua. Na ukutani wakaona watu wakiwatazama.

Walikuwa wekundu na wa rangi ya haradali, wakubwa kuliko watu wa kweli. Malaika alishika mizani, na shetani mdogo amening'inia kwenye sahani moja ya mizani ile, akiivuta chini kwa uzito wake wote, miguu hewani, kama mwuza nyama asiye mwaminifu. Chini yake kulikuwa na kinywa kikubwa kama cha samaki, chenye meno na moto, na watu walikuwa wakitumbukizwa humo: mfalme mwenye taji, mwanamke na jagi lake la pombe, na kichwa chini miguu juu, mtu mwingine ambaye kofia yake ndefu ya ncha mbili haikutaka kudondoka.

Tudwal alisogea mbele, buti zikivunja lipu. Aliinama. Akatazama kofia ile kwa makini.

"Kasisi," akasema. "Yule si askofu?"

Kasisi Vaughan akasafisha miwani, akaivaa, akaivua. "Naam... ndiye. Ni askofu."

"Anaingia jehanamu?"

"Inaonekana... ndiyo, bwana Prydderch. Amekwishaingia nusu."

Basi mabega ya Tudwal yakaanza kutikisika. Watu wa Ebeneza walidhani shemasi wao amepata kifafa. Masharubu yakainuka, yakapasuka katikati, na kijiji kikaona meno, mazuri, yote yamo. Alicheka kwa besi. Alicheka mpaka akashikilia kiambaza cha mizabibu, na Morfudd pale sakafuni akatambua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ugonjwa wake umetoka wapi.

"Ukoo wote!" Shangazi Tegwen akamnong'oneza, akilia kwa furaha. "Utotoni alikuwa mbaya kuliko wewe. Babu yako alimchapa kwa ajili hiyo, naye akaapa kuacha."

"Bwana Prydderch," kasisi akasema, naye sasa ameshika tumbo, "kabla hujafurahi sana, tazama pembeni ya moto pale. Yule shetani mwenye mivukuto. Aliyevaa aproni ya ngozi. Ile kazi unaionaje?"

Kila mtu alitazama. Mhunzi hasa, mwenye mkia, alikuwa akiuchochea moto wa jehanamu kwa mivukuto miwili.

Tudwal alimkagua kwa muda mrefu.

"Mivukuto ameishika vibaya," akasema. "Huyo hakufundishwa Llanwynell."

Hapo hapakuwa na watu wa kanisani wala wa Ebeneza tena. Watu walishikana mabega, walikaa sakafuni, walipigana makofi migongoni na kila kofi likatoa wingu. Mama yake Ithel alikuwa amemkumbatia shemasi mmoja ambaye hakuwa amemsalimu tangu enzi ya mfalme aliyepita. Kasisi alipopata pumzi alitafuta ukurasa, akakuta kitabu chake ni kama mkate uliozama kwenye unga, akaendelea kwa kichwa.

"Morfudd, unamkubali Ithel huyu?"

"Nam..." akapiga chafya. "Namkubali."

"Na wewe Ithel?"

Ithel alilamba chokaa kwenye mdomo wa juu. "Bado imekosa chumvi," akasema. "Namkubali."

Walitoka wakiwa weupe wote, mvua ikawageuza rangi ya uji, na kengele ikapigwa na mtu yeyote aliyeifikia kamba. Tangu siku hiyo bibi arusi hakuitwa Morfudd Prydderch wala Morfudd Cadwaladr. Aliitwa Morfudd Chokaa, na bado anaitwa hivyo.

Wataalamu walikuja kutoka mji mkuu na brashi ndogondogo kama za kope, wakalala kwa Morfudd, wakala mkate wake wa zabibu. Ithel aliwasaidia kushikiza kingo za picha kwa chokaa iliyochanganywa na manyoya ya ng'ombe, naye aliishi kwenye jukwaa la mbao lililosimikwa mbele ya ukuta karibu miaka mitatu, hata mtoto wao wa kwanza, msichana, aliita "Baba" akitazama juu. Tudwal hakuhama Ebeneza. Aliimba na kusali hukohuko hadi mwisho. Lakini kila Jumamosi alivuka kijito kwenda kumwangalia askofu wa ukutani, na akirudi alikuwa mtu wa kuongea naye. Siku ya shukrani ya mavuno, nyumba zote mbili zikaanza kuimba pamoja, mwaka huu huku, mwaka ujao kule, na jambo hilo halikuamuliwa na kikao chochote.

Hofu ilikuwa moja tu. Kazi ilipokamilika, ilibidi ukuta ubarikiwe, na wa kuubariki alikuwa askofu.

Alikuja siku ya mvua, mrefu, mkimya, na dereva wake. Morfudd, ambaye wakati huo alikuwa amechaguliwa kuwa msimamizi wa kanisa, mwanamke wa kwanza na mzaliwa wa Ebeneza wa kwanza, alipewa kazi ya kumwonyesha picha. Alimwonyesha malaika. Alimwonyesha mizani, kwa kirefu. Alimwonyesha dari, kiambaza, matao, birika, na angemwonyesha hata ndoo za kupigia deki.

"Na hawa wa chini?" askofu akauliza. "Huyu mwenye kofia ni nani?"

Wote kanisani wakamgeukia. Morfudd alifungua kinywa, na badala ya jibu kikatoka kile alichokuwa akikizuia tangu asubuhi. Akajishika kwenye birika. Askofu akatazama ukuta, akamtazama yeye, akatazama ukuta tena. Polepole akaivua kofia yake mwenyewe, akailinganisha na ile ya ukutani.

"Mtindo haujabadilika," akasema, na akacheka kwa sauti nyembamba ya kushangaza, kama filimbi ya birika la chai, jambo lililowamaliza waliokuwa bado wamejizuia.

Alikunywa chai vikombe vingi, akachelewa. Gari lake likakwama kwenye matope ya lango, magurudumu yakizunguka bure. Watu wa nyumba zote mbili wakalizunguka, Shangazi Tegwen akapanda jiwe kuhesabu mapigo kwa kijiti, na Tudwal, mzee wa masharubu meupe sasa, akaweka bega lake nyuma ya gari.

Askofu alishusha kioo. "Bwana Prydderch, niliambiwa hupendi maaskofu!"

"Ndiyo maana nakusukuma uende!" Tudwal akanguruma.

Gari liliruka. Morfudd, aliyekuwa amelisukuma kwa kicheko zaidi kuliko kwa nguvu, akaanguka kifudifudi matopeni, na mume wake akaanguka akijaribu kumwinua, na askofu akaenda zake kuteremka kilima, akipiga honi mpaka bondeni.